Polishi imeganda kwenye kona za gari, nifanyeje?

SWALI: Fundi shikamoo. Mimi ni mwalimu, naishi Mikindani, nina Toyota IST nyeusi. Juzi kati nilimpa kijana mmoja aipige polishi maana nilikuwa na safari ya harusi Masasi, bodi ikatoka inang'aa kweli, ila baada ya siku mbili nikaanza kuona uweupe kama chokaa umeganda kuzunguka zile herufi za nyuma kwenye buti, kwenye vitasa, kwenye mstari wa boneti na pembeni ya raba za madirisha. Nimeosha mara tatu na sabuni, wapi. Jirani anasema nichokonoe na sindano, mwingine kanambia petroli kidogo kwenye pamba. Roho inaniuma na naogopa kuiharibu zaidi. Nisaidie.

JIBU: Marahaba mwalimu, na pole. Kwanza umefanya vizuri kuuliza kabla ya kushika sindano, maana huo uweupe wenyewe hauli rangi ya gari, kinacholeta hasara ni vile watu wanavyouchokonoa.

Polishi ndani yake ina unga laini sana wa kusugulia na mafuta yanayoubeba huo unga, sasa ikipakwa nyingi alafu juani, na jua letu la huku unalijua, boneti nyeusi saa sita huwezi hata kuweka kiganja, yale mafuta yanakauka haraka unabaki unga mtupu umejibana kwenye mianya ambako kitambaa hakifiki. Ndo maana sabuni inapita juu juu tu. Ule unga unatakiwa ulowe kwanza ndo ulegee.

Nikwambie kilichonikuta mimi. Wakati najifunza kazi nilipewa gari nyekundu ya mzee mmoja wa Shangani, ina uweupe kama huo wako kwenye herufi za buti, nikachukua kijiti cha meno nikaanza kuchokonoa, nilijua mti hauwezi kukwaruza rangi. Kivulini ikaonekana safi kabisa. Mzee alivyoitoa juani tukaona mikwaruzo myembamba imezunguka kila herufi kama kucha ya paka. Kijiti kilikuwa kinausukuma ule unga mkavu juu ya rangi, yaani nilikuwa napiga msasa bila kujua. Ile klia ya juu, yaani lile tabaka angavu linalofunika rangi, kwenye magari mengi ya kiwandani ni kama mikroni 40 mpaka 50 hivi, unywele mmoja wa kichwani mara nyingi unene wake unazidi hapo, kwa iyo hamna nafasi ya kukosea mara nyingi.

Sasa fanya hivi. Subiri jioni au asubuhi mapema, gari iwe kivulini na bodi imepoa. Mwagia maji kwanza ili vumbi na chumvi ya bahari vitoke, wewe wa Mikindani hiyo chumvi unayo kila siku, ukianza kusugua ikiwa bado ipo unaikwaruza gari mwenyewe. Alafu weka maji ya uvuguvugu kwenye ndoo na shampoo ya gari, ukikosa, matone machache ya sabuni ya maji ya vyombo yanafaa, ila ujue sabuni ya vyombo inaondoa na waksi, ile nta inayopakwa kulinda rangi, kwa iyo usiifanye mazoea. Lowesha kitambaa laini ukilaze juu ya zile herufi, kiache dakika tano, kikianza kukauka kiloweshe tena. Watu wengi wanaruka hii hatua ndo maana wanaishia kutumia nguvu.

Baada ya hapo chukua brashi. Sio mswaki, mswaki hata ulioandikwa laini kwa rangi nyeusi utaacha alama. Mimi napenda ile brashi kubwa ya kupakia poda usoni, iliyochoka, nyuzi zake ni laini mno, au brashi ya rangi yenye manyoya laini ila kile kibati chake kizungushie tepu kisije kikagusa bodi. Ichovye kwenye maji ya sabuni, izungushe taratibu kwenye herufi, utaona povu linabadilika linakuwa jeupe zito kama maziwa, hapo ujue unga unatoka. Suuza brashi kwenye ndoo nyingine, rudia. Usikandamize, ncha za nyuzi ndo zifanye kazi.

Kwenye mistari ya boneti na milango, fungua kwanza! Uweupe mwingi unaouona kwa nje umekaa kwenye ukingo wa ndani, ukifungua mlango unaufuta kwa kitambaa chenye maji umemaliza. Pale pasipofunguka chukua kadi ya benki iliyoisha mda wake, izungushie kitambaa cha maikrofaiba mikunjo miwili, pitisha kwa kuvuta upande mmoja, kila ukivuta geuza upande safi. Kwenye vitundu vya maji ya waipa piga brashi kuelekea nje, ukisukuma ndani utaviziba.

Pakibaki pagumu ndo unaingiza spiriti. Nunua ile nyeupe ya duka la dawa, achana na iliyotiwa rangi, changanya sehemu moja ya spiriti na tatu za maji, jaribu kwanza sehemu iliyojificha, mfano ndani ya ukingo wa mlango. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, acha hapo hapo, na kama gari ilipigwa rangi upya karibuni usiiguse kabisa na spiriti. Ikiwa sawa, lowesha kijiti cha pamba cha masikio, pitisha, futa na maji. Usimwagie wala kuiacha ikae, na usiwe karibu na jiko au mtu anayevuta sigara. Petroli hapana mwalimu. Inakausha raba, inaweza kulegeza gundi ya zile herufi, na moto wake unaujua.

Ukimaliza pakaushe vizuri, mpe hela kidogo fundi pancha mwenye kompresa apulize maji kwenye mianya. Kwa pwani hii maji yenye chumvi yakikaa kwenye mkwaruzo uliofika kwenye bati, kutu inaanza. Spiriti ikipita waksi imeondoka, paka tena sehemu hizo, safari hii kidogo sana kwa kidole chenye kitambaa. Na siku ukimpelekea tena kijana mwambie abandike maskingi tepu kwenye herufi na raba zote kabla hajafungua kopo, ni kazi ya robo saa tu.

SWALI: Fundi mambo, niko Lindi mjini. Mimi waksi imeniachia madoa meupe kwenye plastiki nyeusi ya bampa, ile isiyopakwa rangi. Nimesikia siagi ya karanga inatoa, ni kweli au wananidanganya?

JIBU: Poa kaka. Ni kweli, mafuta ya karanga yanailegeza waksi iliyoingia kwenye vinyweleo vya ile plastiki. Ila anza na maji ya moto kiasi na sabuni, na hapa mswaki ruksa kwa kuwa hamna klia ya kukwaruza, jihadhari tu usivuke mpaka kwenye bodi. Doa dogo kavu jaribu ufutio wa penseli. Ukishindwa ndo upake siagi iliyo laini isiyo na vipande, sugua na mswaki, alafu osha na sabuni mpaka utelezi wote uishe, ukiyaacha yale mafuta kesho yake utakuta vumbi limeganda na sisimizi wamepanga foleni kwenye bampa.