Maweni Hayataki Ndara

Mwezi uliopita nimetembea kwa miguu kutoka Makunduchi hadi Nungwi, kisiwa kizima cha Unguja, siku tano. Alhamdulillahi. Najivunia, wala sifichi. Njia yenyewe ni jua na kiu, sina haja ya kuisimulia. Lakini nyie mnaotaka kwenda, na najua mko wengi, nina la kukwambieni: nyoka.

Safari yangu ya kwanza, miaka sita nyuma, haikufika hata Kitogani. Tulikuwa watatu. Magharibi imeshaingia, mie na ndara zangu, nikaingia maweni kutafuta kuni za chai. Mguu ukazama kwenye ufa wa jiwe. Nilidhani mwiba. Nikamulika kwa simu, nikaona mkia unaishilia shimoni. Mwenzangu mmoja akanikaza mguu kwa kamba ya hema mpaka ukabadilika rangi. Wa pili akanichanja kwa wembe. Hospitali daktari akaniambia nyoka hakutia sumu ya maana. Kilichonilaza siku tisa ni kamba na wembe. Kovu ninalo. Na hao hao wakenda barazani kusema nimepigwa na mzimu kwa kuwa sikuomba ruhusa. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko mguu.

Basi nisikilizeni. Vaeni buti, hata la mpira la shambani. Usiku tochi, tena ya kweli. Shikeni bakora mgonge chini, maana nyoka huhisi mtikisiko wa ardhi, na akiuhisi mara nyingi hujiondokea. Maweni yamejaa matundu: usitie mkono wala mguu usipopaona. Nasema tena, usipopaona!

Mtu akiumwa, atulie. Avuliwe pete na kiatu kabla hajavimba, mguu ufungiwe vijiti usitikisike, kama wa aliyevunjika, abebwe hospitali. Asitembezwe. Msikaze kamba, msichanje, msinyonye, na lile jiwe jeusi la kunyonya sumu liacheni, halinyonyi kitu. Akitemewa sumu machoni, mwosheni kwa maji mengi, kwa muda mrefu. Kijana anayejiita mzoefu halafu hayajui haya, asichukue watoto wa watu porini.

Safari hii, karibu na Kiwengwa, alikatiza nyoka mmoja mbele yetu, mweusi, mrefu. Nikasimama. Mpwa wangu nyuma yangu akasimama. Nyoka akapita taratibu mpaka akamalizika majanini, nasi tukashika njia.