Sista, nani alikuambia uti wako umekwisha?

Jumatatu nilipata ujumbe wa muuguzi mmoja wa Kayole: "Dada, nilimwambia mgonjwa wa mgongo asilale tu, atembee. Daktari akanifokea mbele ya watu. Nifanyeje?"

Pole, mdogo wangu. Hayo nimeyapitia. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na miaka mitatu iliyopita niliandaa mafunzo ya Alhamisi asubuhi katika hospitali moja hapa Nairobi. Slaidi arobaini! Nikaeleza kwamba maumivu mengi ya kiuno hayatokani na ugonjwa mbaya, na kwamba kulala kitandani siku nyingi humchelewesha mtu kupona. Nikawapa hata kisa cha jimbo la Victoria, Australia, ambako kuanzia 1997 matangazo ya televisheni yaligeuza mawazo ya wananchi, na ya madaktari wao pia. Daktari mmoja akacheka: "Hayo ni ya Wazungu. Wagonjwa wetu wanabeba mitungi ya maji." Ukumbi mzima ukacheka naye. Mandazi niliyonunua kwa pesa yangu waliyamaliza, lakini. Sijasahau.

Aliyenifunza njia nyingine ya kuwafikia wenzangu ni sista mkuu wa wodi. Siku moja faili lilimwanguka. Akashika ukingo wa kitanda, akabana pumzi, akashuka taratibu kama mtu aliyebeba trei ya mayai kichwani. Chini ya sare alikuwa amefunga mshipi.

"Sista, nani alikuambia usiiname?"

Alipigwa picha mwaka 2009, akaambiwa uti umekwisha. Tangu hapo hajambeba hata mjukuu.

Nikamwambia kuna uchambuzi wa 2015 wa picha za watu wasioumwa mgongo kabisa: diski, zile pedi laini kati ya mifupa ya mgongo, zilikuwa zimechakaa kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80.

"Kumbe ni kama mvi?"

"Mvi za ndani, Sista."

Tukawa tunainama pamoja, mara tano kila nikipita wodini. Mwezi wa pili mshipi ukabaki nyumbani. Leo yeye ndiye anayewafunza wauguzi wapya, nao wanamsikiliza kuliko walivyowahi kunisikiliza mimi na shahada yangu.

Basi, ndugu zangu wa afya, acheni slaidi. Anza na mgongo wa mwenzako. Muulize aliambiwa nini, na nani. Kisha muulize tena. Na tuchunge ndimi zetu: "uti umesagika" unalisema kwa sekunde moja, mgonjwa analibeba miaka kumi. Ila akija na ganzi sehemu za siri, mkojo unaotoka wenyewe au kukataa kutoka, homa, au anakonda, hapo hakuna mjadala, apelekwe haraka. Na huku kwetu usisahau TB ya uti wa mgongo.

Yule daktari aliyenicheka tulikutana kwenye lifti wiki jana, mkono kiunoni. Akaniuliza godoro gani zuri.