Kabla Hujaongeza Springi za Nyuma kwenye Pikapu Yako

Kwa miaka saba nimekuwa nikibeba karoti, kabichi na viazi kwa pikapu kutoka vijiji vya Mlalo, juu katika Milima ya Usambara, kuvipeleka Lushoto na mara nyingine kuteremka navyo hadi Mombo, ambako malori hupakia mizigo ya kwenda Dar es Salaam. Gari langu ni Toyota Hilux ya kabini moja, yenye injini ya dizeli, la toleo lililoanza kutengenezwa mwaka 2004. Katika muda huo nimefanya kazi ya springi za nyuma mara mbili, mara ya kwanza vibaya na mara ya pili vizuri, na ninaandika haya kwa sababu kila mara nikisimama kupakia nakutana na mwenye pikapu anayejiandaa kufanya kile kile nilichofanya mara ya kwanza.

Nililinunua gari hilo likiwa limetumika, na springi zake zilikuwa zimelala, yaani zimepoteza mkunjo wake. Likiwa tupu lilionekana sawa, lakini nikipakia magunia sita, nyuma ilishuka hadi raba za kuzuia ekseli zikawa zinagonga kila tulipopita kwenye shimo. Nilikwenda gereji moja, nikaeleza shida yangu, na jibu lilitoka kabla sijamaliza kusema: ongeza pleti, yaani jani, kile kipande bapa cha chuma ambacho springi hujengwa kwa kupangwa kimoja juu ya kingine. Walichukua majani mawili ya springi iliyotolewa kwenye lori dogo lililokufa, wakayakata kwa gesi ili yatoshe, wakatoboa kwa gesi hiyo hiyo tundu la senta bolti, ile inayopita katikati ya majani na kuyashika pamoja, kisha wakayapachika chini ya majani yangu, moja kila upande. Kazi ilikwisha saa nane mchana, na gari lilisimama juu kama jipya. Nilifurahi sana.

Furaha hiyo ilidumu hadi niliporudi na gari tupu. Kwenye barabara ya udongo yenye mawimbi, nyuma ilirukaruka hata kwenye kona nikahisi matairi yakiacha ardhi na gari likitaka kwenda upande wake. Sikuelewa ni kwa nini jani moja tu lilete tofauti kubwa namna hiyo, na ni baadaye sana nilipojifunza kwamba ugumu wa jani la springi haupandi sawasawa na unene wake. Unapanda kwa unene mara unene mara unene. Majani yangu ya asili yalikuwa na unene wa milimita 7 na lile nililoongezewa lilikuwa na milimita 11, kwa hiyo jani hilo moja lilikuwa gumu karibu mara 4 kuliko kila jani la asili la urefu huo huo. Mtu anayeongeza jani kwa kukadiria kwa macho anadhani ameongeza kidogo, kumbe amekaribia kulifanya gari lake kuwa mkokoteni.

Mwezi wa tano, nikiwa na mzigo, nilisikia mlio mmoja mkali upande wa kushoto, na gari likainama. Jani la kwanza, lile lenye macho ya kupitishia bolti na ambalo ndilo hasa linaloishika ekseli isirudi nyuma wala kwenda mbele, lilikuwa limekatika. Nililala chini ya gari nikiwa na tochi, na hadi leo naikumbuka sura ya ule mvunjiko: theluthi mbili za upana wake zilikuwa nyeusi na zenye kutu, yaani ufa wa zamani uliokuwa ukitembea polepole kwa wiki nyingi, na theluthi iliyobaki ilikuwa inang'aa kama sukari, ndiyo sehemu iliyokatika siku hiyo. Lilikatika mahali pale pale ambapo ncha ya jani lililoongezwa iliishia. Majani ya kiwandani hupungua urefu kwa hatua, na ncha zake hutengenezwa ili mzigo ugawanyike kutoka jani hadi jani, lakini langu lilikatwa mraba kwa gesi, likawa linakandamiza mstari mmoja wa chuma kila gari lilipopanda na kushuka.

Safari hii nilimwendea fundi mmoja mzee ambaye amefanya kazi ya springi za malori kwa muda mrefu. Hakugusa gari. Aliniuliza, "Kijana wangu, unabeba kilo ngapi?" Nikamjibu, "Magunia manane, mzee wangu." Akatikisa kichwa, akasema, "Nimekuuliza kilo. Gunia si kilo."

Alikuwa na haki. Huku kwetu, kama kwingi nchini, bado kuna lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba juu hadi likapita uwezo wake, licha ya kwamba serikali imelikataza na kutaka gunia lisizidi kilo 100. Nilipeleka magunia yangu kwenye mizani ya ghala la mazao, na moja lilipima kilo 127. Nilipojumlisha magunia manane, vibarua wawili wanaopanda juu ya mzigo, tairi la akiba na turubai, nilikuwa nimevuka kilo 1,150 katika gari ambalo watengenezaji wanaliuza kama gari la tani moja. Magari ya tani 3.5 na kuendelea hupimwa kwenye mizani za barabara kuu, lakini pikapu yangu hakuna aliyeisimamisha kuipima, na ndiyo maana miaka yote hiyo sikuwahi kuujua uzito ninaobeba.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo, kwa kuwa ndilo jambo linalonigusa kuliko yote katika suala hili. Springi ngumu zaidi haziongezi uwezo wa gari kubeba. Zinaondoa tu dalili ya kuzidisha mzigo, ambayo ni nyuma kushuka. Beringi za magurudumu zinabaki zile zile, breki zile zile, na chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, ni ile ile, na pikapu iliyofungwa springi ngumu kisha ikajazwa kupita kiasi hupinda chesisi nyuma ya kabini, mahali ambapo bodi ya mzigo na kabini hukutana. Tairi nalo lina kikomo kilichoandikwa ubavuni: namba 112, kwa mfano, ina maana kwamba tairi moja linaweza kubeba kilo 1,120, na namba 104 ni kilo 900. Zisome hizo namba kabla ya kufikiria springi, na usome pia kibandiko cha uzito ambacho mtengenezaji amekiweka kwenye gari.

Niliamua kwamba mzigo wangu wa kila siku utakuwa kilo 700, na siku za msimu nisizidi 900. Uamuzi huo ndio ulioniwezesha kuchagua springi. Tulilisimamisha gari mahali palipo sawa, tukapima kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa bodi juu yake: sentimita 52 likiwa tupu, na 41 likiwa na kilo 700, huku kati ya ekseli na raba ya kuzuia kukiwa kumebaki sentimita 3 tu. Kwa vipimo hivyo mtu hahitaji kubahatisha dukani. Anaeleza gari lake linashuka kiasi gani kwa kilo ngapi, na anataka lishuke kiasi gani. Watengenezaji wa springi za kuboresha, kama Old Man Emu wa Australia, huzipanga kwa uzito unaokaa ndani ya gari muda wote, kwa hiyo anayenunua za kilo nyingi kuliko anazobeba atateseka kila siku anaporudi bila mzigo. Mimi nusu ya safari zangu narudi tupu, kwa hiyo nilichagua seti iliyo ngazi moja tu juu ya ile ya kawaida, yenye majani mengi membamba badala ya machache manene, na yenye jani la chini lililonyooka ambalo haligusani na mengine mpaka mzigo ukizidi kiwango fulani. Majani ya aina hiyo hulifanya gari liwe laini likiwa tupu na kuwa gumu linapopakiwa, na hakuna jani la kuokoteza linaloweza kufanya kazi zote mbili.

Kuna wanaoshauri kuzikunja upya springi zilizolala kwa kuzichoma moto na kuzigonga. Nakushauri ukatae. Chuma cha springi kimepashwa moto, kikazimwa na kupashwa tena kiwandani kwa viwango maalumu, na ndiyo sababu kinapinda na kurudi. Fundi akikichoma hadi kiwe chekundu na kukiacha kipoe chenyewe, kinakuwa chuma laini ambacho kitalala tena baada ya muda mfupi. Kuchomelea jani lililovunjika ni kosa hilo hilo, na hatari yake ni kubwa zaidi.

Kazi ya kufunga yenyewe si ngumu, ila ina mahali pa kukosea. Tuliinua gari kwa kuweka stendi chini ya chesisi, na jeki ikabaki chini ya difu, lile bonge la gia lililo katikati ya ekseli ya nyuma, ili ekseli iweze kupandishwa na kushushwa. Bolti za zamani tulikuwa tumezimwagia dizeli tangu jana yake. Yubolti, zile bolti zenye umbo la U zinazoibana springi kwenye ekseli, hazirudishwi: zikishakazwa mara moja zinakuwa zimevutika, na zikitumika tena hazishiki vizuri, kwa hiyo nunua mpya pamoja na nati zake. Kichwa cha senta bolti ni lazima kiingie kikamilifu ndani ya tundu la kikalio cha ekseli, kwani kikipanda juu ya ukingo, ekseli itakaa upande na gari litatembea kama kaa. Tulithibitisha kwa kupima umbali kutoka bolti ya mbele ya springi hadi katikati ya ekseli, kulia na kushoto, hadi vipimo vikalingana. Yubolti zilikazwa kwa mtindo wa msalaba, kidogo kidogo, ili nati zote nne za kila upande zibane sawa.

Kosa ambalo nimeliona gereji nyingi ni kukaza bolti za bushi wakati magurudumu yananing'inia. Bushi za raba, zinazokaa ndani ya macho ya springi, hubanwa na bolti zake na kujipinda kadiri springi inavyotembea. Zikikazwa gari likiwa juu, basi likishushwa chini zinakaa zimejipinda muda wote na kuchanika baada ya miezi michache. Fundi wangu aliziacha zimelegea, akashusha gari chini, akalitikisa mara kadhaa, ndipo akazikaza. Shokapu nazo tulibadilisha siku hiyo hiyo, kwa sababu springi mpya hurudi kwa nguvu kubwa zaidi na shokapu iliyochoka haiwezi kuizuia.

Nyuma ilipanda sentimita 4. Tulikagua mpira wa breki unaoelekea kwenye ekseli, waya za breki ya mkono na mpira wa kupumulia wa difu kuona kama vinavutika, tukavikuta viko salama, kisha tukarekebisha taa za mbele ambazo sasa zilikuwa zinaangalia chini.

Jambo moja tulilisahau, na nalisimulia kwa sababu lingeweza kuniua. Hilux nyingi zisizo na breki za ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, zina valvu juu ya ekseli ya nyuma, iliyounganishwa na ekseli hiyo kwa fimbo nyembamba. Kazi yake ni kupima mzigo kwa kuangalia nyuma imeshuka kiasi gani, kisha kuruhusu breki za nyuma zipate nguvu inayolingana na mzigo huo. Ukiinua nyuma, valvu inaamini kwamba gari ni tupu hata kama lina kilo 700, na inazinyima breki za nyuma nguvu.

Safari ya kwanza na springi mpya nilikuwa nateremka kwenda Mombo, barabara ile ya lami inayojikunja ukingoni mwa mlima. Karibu na Soni, mji mdogo ulio kati ya Lushoto na Mombo, nilianza kusikia harufu ya kitu kinachoungua, na kanyagio la breki likawa linazama zaidi ya kawaida. Nilisimama kando, nikaweka jiwe chini ya gurudumu, nikasogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Za mbele zilitoa joto kama jiko la mkaa. Za nyuma nilizishika kabisa, na zilikuwa na uvuguvugu tu. Mzigo wote ule ulikuwa unazuiwa na breki mbili za mbele. Nilisubiri karibu saa nzima zipoe, kisha nikamalizia mteremko kwa gia ya pili, taratibu. Kesho yake fundi alirekebisha fimbo ya valvu kwa kufuata kitabu cha matengenezo cha gari, akatoa hewa kwenye breki, na tukajaribu tukiwa na mzigo kabla sijarudi mlimani. Ikiwa pikapu yako ina fimbo hiyo, usiondoke gereji kabla haijarekebishwa, na kama fundi wako haijui, tafuta anayeijua.

Baada ya kilomita 500 nilirudi kukaza yubolti, na kweli nati zote ziliingia kidogo, kwa sababu majani mapya yanapoanza kufanya kazi rangi kati yake husagika na kifungo kizima hulegea. Tangu hapo nimepaka mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye bamba lake, hivyo nati ikizunguka hata kidogo mstari unavunjika na naona nikiinama tu. Kila miezi mitatu napima tena kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi na kuandika kwenye daftari lililo ndani ya kabini. Siku tulipofunga ilikuwa sentimita 56 pande zote mbili likiwa tupu. Mwezi uliopita, baada ya miaka mitatu, ilikuwa 55 kulia na 54 na nusu kushoto.