Maswali ya wasomaji: Dereva wa mbio anapogeuka mwenye timu

Swali: Alain Prost alikuwa bingwa wa dunia wa langalanga (Formula 1) mara nne, Emerson Fittipaldi mara mbili. Iweje timu zao zikafa bila kushinda hata mbio moja?

Jibu: Wote wawili walijua gari zuri linavyotakiwa kuwa. Walichokosa ni utulivu wa fedha na wa vifaa, na kipaji cha usukani hakileti hayo.

Prost aliinunua timu ya Ligier mwanzoni mwa 1997. Msimu huo, kwa injini za Mugen-Honda, Olivier Panis alishika nafasi ya pili Hispania kabla ya kuvunjika miguu Kanada. Mwaka uliofuata mambo mawili makubwa yakabadilishwa kwa mpigo: timu ikaingia kwenye injini za Peugeot, na karakana ikahama kutoka Magny-Cours hadi Guyancourt, karibu na Paris. Gari la mbio husanifiwa kuizunguka injini: urefu wake, uzito wake, joto ambalo rejeta zinapaswa kulitoa, mahali giaboksi inapofungwa. Ukibadilisha injini umeanza gari upya, na ukihama mwaka huohuo mafundi wanafungua makasha wakati walipaswa kuwa wanafunga gari. Mwaka 1998 timu ilipata pointi moja. Mwaka 1999 ilipata nafasi ya pili Nürburgring, lakini 2000 haikupata pointi yoyote. Peugeot wakaondoka, mdhamini mkuu akaondoka, na injini za Ferrari za 2001 zilikuwa za kununua. Januari 2002 timu ikafilisiwa.

Fittipaldi aliiacha McLaren mwisho wa 1975, akiwa bado na uwezo wa kupigania ubingwa, akajiunga na timu ya kaka yake Wilson iliyofadhiliwa na Copersucar, ushirika wa sukari wa Brazili. Timu ilianzia São Paulo ilhali injini za Cosworth na giaboksi za Hewland zilitoka Uingereza, hivyo kila kipuri kilikuwa bahari moja mbali. Matokeo yao bora yalikuwa nafasi ya pili Brazili, 1978. Walifunga mwaka 1982.

Swali: Yupo aliyefaulu kumiliki timu huku mwenyewe akiendesha?

Jibu: Jack Brabham wa Australia, na hadi leo ni yeye peke yake aliyetwaa ubingwa wa dunia wa langalanga akiwa ndani ya gari lenye jina lake. Alifanya hivyo 1966, akiwa na miaka 40.

Tunashauri kila anayeota kumiliki timu aisome vizuri njia aliyopita. Aliondoka timu ya Cooper mwisho wa 1961, akiwa ameshachukua ubingwa wa 1959 na 1960. Kazi ya kusanifu aliiacha kwa Ron Tauranac. Yeye alijaribu magari, akatafuta fedha na injini. Gari lao la langalanga lilipochelewa 1962, alinunua gari la Lotus, kampuni pinzani, na kuendelea kushindana badala ya kukaa akisubiri. Halafu wakauza magari kwa timu nyingine za madaraja ya chini. Kufikia 1970 walikuwa wameshajenga zaidi ya 500. Hayo mauzo ndiyo yaliyokuwa mshahara wa mafundi, kwa hiyo timu haikutegemea mdhamini mmoja.

Mwaka 1966 kanuni ziliruhusu injini za lita 3 badala ya lita 1.5. Wapinzani wengi walikimbilia injini zenye nguvu nyingi na muundo tata. Brabham alikwenda kwa Repco, kampuni ya vipuri ya Australia, iliyomtengenezea V8, injini ya silinda nane, kutokana na bloku ya aluminiamu ya gari la Oldsmobile. Ilikuwa na nguvu pungufu kuliko ya Ferrari, lakini ilikuwa nyepesi, haikunywa mafuta mengi, na ilifika mwisho wa mbio. Alishinda mbio nne mfululizo: Ufaransa, Uingereza, Uholanzi na Ujerumani. Mwaka 1967 ubingwa ukaenda kwa Denny Hulme, dereva aliyemwajiri, naye bosi akashika nafasi ya pili.

Swali: Nimekuwa nikiendesha magari madogo ya kiti kimoja. Nataka kuacha usukani nianze timu ya magari mawili. Niandae nini?

Jibu: Kwanza leseni. Yako ya dereva haitoshi. Timu huhitaji leseni ya mshiriki, yaani ya anayeingiza magari mashindanoni, kutoka chama cha michezo ya magari cha nchi ilikosajiliwa. Pili, chagua shindano ambalo chasisi, injini na tairi ni za aina moja kwa wote. Hapo huhitaji idara ya usanifu, na ukishindwa utajua kosa liko kwenye maandalizi.

Kwa kila gari ajiri mafundi wawili na mhandisi mmoja. Mtu wa data anaweza kuhudumia magari yote mawili, na dereva wa lori awe mtu anayeweza pia kushughulikia tairi. Usijifanye mhandisi mwenyewe. Madereva wastaafu huangukia hapa mara nyingi: wanaliweka gari walivyolipenda wao, ilhali kijana anayeliendesha anafunga breki kwa namna nyingine kabisa.

Vipuri vya wikiendi moja kwa magari mawili: pua na mabawa ya mbele seti tatu, bawa la nyuma moja, mikono ya sasipensheni ya kila kona, fimbo za usukani, sakafu moja, rejeta mbili, shafti mbili za magurudumu ya nyuma, klachi, diski na pedi za breki. Bawa la mbele ndilo huisha upesi, kwa kuwa ndilo linalogusa gari la mbele kwenye kona ya kwanza.

Mkono wa sasipensheni uliopinda haunyooshwi, hutupwa. Chuma kilichonyooshwa kimeshachoka na kitakatika kwenye breki kali, pale mzigo unapokuwa mkubwa zaidi. Gurudumu likigusa ukuta hata kidogo, pima alaimenti (ulinganifu wa magurudumu) kabla gari halijarudi barabarani, ukague pia fimbo ya usukani. Weka daftari la kilomita kwa kila kipuri chenye ukomo wa matumizi: beringi, shafti, gia, injini. Timu nyingi changa hubadilisha kipuri kikivunjika, na kikivunjika huharibu vingine vitatu.

Kuhusu fedha, usimruhusu dereva aingie garini kwa ahadi. Chukua malipo ya kwanza wakati wa kusaini, kisha sehemu ya kila raundi kabla ya lori kuondoka. Gharama ya ajali iandikwe kwenye mkataba pamoja na bei za vipuri, na amana yake ilipwe mwanzo wa msimu. Bila amana, utajikuta unaidai familia nzima wakati bawa linalofuata linahitajika Jumapili asubuhi.

Swali: Lazima niwe nimeshinda sana nikiwa dereva ndipo wadhamini wanisikilize?

Jibu: Hapana. Richard Childress hakushinda mbio hata moja ya daraja la juu la NASCAR, mashindano ya magari ya Marekani, akiwa dereva. Mwaka 1981 alitoka kwenye kiti akampa Dale Earnhardt, na baadaye wakachukua pamoja mataji sita. Roger Penske alikuwa dereva hodari, lakini aliacha mapema ili auze magari Philadelphia. Alianza timu 1966 akiwa tayari mfanyabiashara. Timu yake imeshinda Indianapolis 500, mbio maarufu za Marekani, mara 20.

Swali: Je, leo dereva mstaafu anaweza kuingia langalanga na timu mpya?

Jibu: Peke yake, hapana. Ukomo wa matumizi ulioanza 2021 ulikuwa dola milioni 145 kwa msimu, na makubaliano ya wakati huo yaliitaka timu mpya kuzilipa zilizopo dola milioni 200 kabla ya kujenga chochote. Michael Andretti, dereva mstaafu wa Marekani mwenye timu, alipata idhini ya FIA, shirikisho la dunia la michezo ya magari, Oktoba 2023, lakini wenye haki za kibiashara za langalanga wakamkatalia Januari 2024. Nafasi ilipatikana baada ya General Motors kuubeba mradi kwa jina la Cadillac, na wakati huo Andretti alikuwa ameshajiondoa kwenye uongozi wa timu yake.