Mjusi ana gundi gani, na sisi tunaweza?

SWALI: Kila usiku namwangalia mjusi kafiri yuko darini kichwa chini na hadondoki, ana gundi gani? Na mtu je, anaweza kuiga?

JIBU: Gundi hana kabisa! Mwangalie chini ya vidole, utaona mistari mistari, hiyo yote imejaa vinywele vidogo mno na kila kimoja ncha yake imechanika mara mamia, basi zile ncha zinausogelea ukuta karibu sana mpaka molekuli (chembe ndogo mno zinazounda kila kitu) za pande mbili zinavutana zenyewe. Akivuta mguu kushuka unanasa, akikunja vidole kwa juu unabanduka.

Na watu wameshaiga. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitengeneza vibao viwili vya kushika mkononi, kila kimoja kina vigae 24 vya kunata saizi ya stempu, mtu wa kilo 70 akapanda ukuta wa kioo. Ugumu haukuwa kunata, ulikuwa kugawa uzito sawa, maana kigae kimoja kikizidiwa kinabanduka na wenzake wanafuata, ndo maana waliweka springi maalumu nyuma ya kila kigae, hapo ndipo naona akili yao kubwa. Ila ni kioo laini na kisafi tu, ukuta wenye vumbi usithubutu.