Hema, Kahawa na Maghorofa ya Abu Dhabi

SWALI: Ndugu Mhariri, kaka yangu ni dereva Abu Dhabi, na picha anazotutumia hapa Kirumba ni za maghorofa na barabara pana tu. Marehemu babu alitusimulia Waarabu wa mahema, ngamia na kahawa. Je, walipopata mafuta waliyatupa hayo yote?
Msomaji, Kirumba, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, hawakuyatupa yote, ila hayakusalimika sawasawa, na sababu utaiona katika hema na kahawa ulivyovitaja mwenyewe.

Abu Dhabi ilianza kuuza mafuta nje mwaka 1962, na baadaye familia nyingi za jangwani zikahamia mijini. Hema lilipokosa wa kulilala, ufumaji wa sadu nao ulikosa wa kuuhitaji. Hiyo ilikuwa kazi ya wanawake wa Kibedui, waliosokota sufu ya kondoo na manyoya ya ngamia na mbuzi, wakayatia rangi, kisha wakafuma kwa kitanda cha mfumi kilicholazwa ardhini mpaka wakapata mapazia ya hema, mazulia na matandiko ya ngamia. Mabinti walikwenda shule na maofisini (nani angewalaumu?), ujuzi ukabaki kwa bibi zao, hata mwaka 2011 UNESCO ikaiweka sadu ya Falme za Kiarabu katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka.

Kahawa haikupatwa na hayo, kwa kuwa wageni hawajaacha kuja. Majlis, yaani baraza lao, pamoja na kahawa inayonywewa humo, viliorodheshwa na UNESCO mwaka 2015 katika orodha ya urithi wa binadamu, si ile ya kuokolewa haraka, kwa maombi ya pamoja ya Falme hizo, Saudi Arabia, Oman na Qatar. Hata ndege kozi wa kuwindia wamekwenda na wakati: tangu mwaka 2002 hupewa pasipoti zao.

Kinachonitia shaka ni mtaa wa Al Fahidi, Dubai, ambao sehemu yake ilibomolewa miaka ya 1980. Nyumba zilizobaki, na minara yake ya kuvuta upepo, zimekarabatiwa vizuri, lakini leo ni makumbusho na migahawa zaidi kuliko makazi. Nasi pale Bujora tuna makumbusho mazuri ya Wasukuma, ila mimi husubiri sikukuu ya Bulabo, mwezi Juni, vyama viwili vya wachezaji, Bagika na Bagalu, vinaposhindana kwa ngoma.

Kaka yako akikaribishwa katika majlis, akishatosheka akitikise kikombe anapokirudisha. Asipofanya hivyo, ataendelea kumiminiwa.