Muulize Fundi: Hedi imeandikwa N42, jamaa anasema ya 240Z

SWALI: Shikamoo fundi. Mi niko Pasua hapa Moshi, baba mdogo kaniachia Datsun 240Z ya 1972 iliyolala chini ya mparachichi miaka kibao. Hedi yake (kile kifuniko cha juu ya injini chenye valvu) ina ufa. Sasa kuna jamaa Unga Limited, Arusha, anayo hedi anaapa ni orijino ya 240Z kabisa, anataka milioni na laki mbili. Kanitumia picha, upande wa plagi kuna N42 kwa herufi zilizoinuka, halafu kuna vinamba vingine vimegongwa. Niwahi au napigwa?

JIBU: Marahaba kijana wangu, shikilia hela yako kwanza.

Maandishi ya kwenye chuma yako ya aina mbili na watu wanayachanganya kila siku. Yaliyoinuka yamezaliwa na chuma chenyewe, yani yalikuwepo kwenye kalibu kabla aluminiamu haijamiminwa, kwaiyo yanakwambia kipande ni cha ukoo gani. Yaliyozama yamegongwa baadae, inaweza kuwa alama ya kiwandani, namba ya injini kama ni bloku (mwili wa injini wenye silinda), au fundi wa mtaani tu aliyeogopa hedi ya mteja isije kubadilishwa gereji (mi mwenyewe nimeshagonga sana, kwaiyo kuna hedi huko zina alama zangu na mtu anazitafutia maana). Hivyo vinamba vyako wala sivihangaikii, nahangaika na N42.

N42 sio ya 240Z. 240Z zilianza na hedi ya E31 halafu zikaja na E88. N42 ni ya 280Z ya 1975 na 1976, gari la soko la Marekani Kaskazini, injini L28 inayotumia nozeli za petroli badala ya kabureta. Mwambie jamaa akupigie picha mashimo ya kuingizia hewa, yale ya manifoldi, ukiona kila shimo lina kapengo kwa juu ujue hapo ndo nozeli ilikuwa inapulizia. E31 na E88 ni za kabureta, haka kapengo hazina.

Ila usimwite mwizi bado, inawezekana na yeye kauziwa hivyohivyo. L24 (injini ya 240Z yako), L26 na L28 ni ndugu, hedi ya huyu inafungika kwa yule, sasa kufungika ni jambo moja na kufanya kazi ni jingine. Silinda ya L24 yako ina upana wa milimita 83, ya L28 ni 86. Valvu ya kuingiza ya E31 ni milimita 42, ya N42 ni 44, na ya kutolea imetoka 33 ikawa 35. Valvu kubwa kwenye silinda nyembamba, usipopima inaweza kugonga ukingo wa bloku ukasikia ngo ngo ngo siku ya kwanza tu unawasha. Na chemba ya N42, pale mafuta yanapowakia, ni kubwa kidogo kuliko ya E31, kwaiyo kwenye L24 kompresheni, yani mgandamizo ndani ya silinda, inashuka.

Halafu kabla hujabishana na mtu wa Unga Limited nenda kaangalie gari lako mwenyewe. Upande wa kulia wa bloku, huko nyuma karibu na silinda ya sita, kuna sehemu bapa imegongwa namba ya injini ikianza na L24. Ukikuta L28 basi baba mdogo alishabadilisha injini kimyakimya na hiyo N42 ndo mahali pake hasa, hapo mnaongea bei tu.

Kusoma usitumie grinda jamani, nimeona vijana wanapitisha grinda wanafuta ushahidi wote. Mafuta ya taa, brashi, acha ikauke, pitisha chaki, halafu mulika tochi ya simu kwa pembeni sio kwa mbele, kivuli ndo kinasoma. Bado haisomeki, weka karatasi juu usugue penseli kama tulivyokuwa tunafanya na shilingi shuleni. Ukutu ukijaa 8 inageuka 3 na E inageuka F.

Ukienda kuiona beba vernia, kile kipimo cha milimita. Unene wa hedi hizi ni kama milimita 108, ukikuta 106 ujue imeskimiwa (imekwanguliwa uso) mpaka basi na cheni ya kamshafti, ile shafti inayofungua valvu, itakusumbua. Kwa bei hiyo mi ningelipa kama ni E31 nzima isiyo na ufa, N42 aiuze kama N42.

Na hongera, baba mdogo alikuwa na jicho. Hizo 240Z zilishinda mbio za magari za East African Safari mwaka 1971 na Herrmann na Schüller, zikarudia 1973 na Shekhar Mehta na Lofty Drews, wazee wetu wakikaa kwenye kahawa mpaka leo wanabishana nani alipita Arusha wa kwanza.

SWALI: Habari fundi, mimi ni mama wa Njiro. Marehemu mume wangu aliacha injini ya Mini. Jirani kaona 12G940 kwenye hedi, anasema ni Cooper S, yani Mini ya mbio, nisiuze bei ya skrepa. Ni kweli?

JIBU: Shikamoo mama, na pole. Ya skrepa usiuze, hapo jirani yuko sahihi. Ila 12G940 peke yake haitoshi, Cooper S za baadae zilikuwa nayo na Austin 1300, MG Midget ya 1275 na hata Metro zilikuwa nayo. Mwambie kijana ahesabu nati na bolti zinazoshikilia hedi. Zikiwa 9 sio S. Zikiwa 11 nipigie picha ya namba ya injini uilete, na jirani asiiguse.